Mashine Iliyopona Kila Alipokuja Fundi

Jina la Mama Mvuke alipewa na wasukuma toroli wa hospitali, kwa sababu kila walipoufungua mlango wa chumba cha kuoshea vyombo walikiona kichwa chake tu, kiwiliwili kimemezwa na mvuke. Hakulipenda, wala hakulikataa. Kwa jinsi watu wa jikoni wanavyobandikana majina, alijiona amenusurika. Mpishi mkuu aliitwa Chumvi Nyingi, na mpaka leo anadhani ni sifa.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jiko kubwa, mwisho wa ujia mwembamba. Kilikuwa na dirisha moja, limewekwa juu kabisa, kana kwamba aliyejenga aliogopa waosha vyombo wasije wakaona nje wakatamani kwenda. Upande mmoja kulikuwa na masinki, upande wa pili rafu za chuma, na katikati ikasimama mashine ya kuosha vyombo: sanduku la chuma lenye mlango wa kupandisha juu, tumbo la kumeza trei nzima ya vikombe, na tangi la maji chini ya tumbo. Ukishusha mlango inanguruma. Ukiupandisha inakutemea mvuke usoni. Kila trei ikishaoshwa, mashine inamwaga maji machafu na kujijazia mengine. Mama Mvuke alikuwa ameishi nayo muda mrefu kuliko alioishi na wazazi wake, na alishazoea kuisemesha kama mtu, hasa ikimuudhi.

Vyombo vile vilitoka wodini. Vilikuwa vimepita midomoni mwa wagonjwa, na maji yasipokuwa ya moto wa kweli, kikombe cha mgonjwa wa leo kinaweza kumpelekea mgonjwa wa kesho zawadi asiyoiomba. Mama Mvuke aliambiwa hivyo siku yake ya kwanza kazini na mwanamke aliyemtangulia, na neno lile likamkaa. Yeye mwenyewe aliwahi kulaza watoto katika wodi zile. Kila kikombe alikitazama kama kitakachorudi kwa mwanawe.

Maji yalianza kupoa asubuhi moja ya kawaida tu. Alijua kwa kikombe. Kikombe kilichotoka kwenye maji ya moto hujikausha chenyewe kabla hujakifikisha kwenye rafu. Siku hiyo vikombe vilitoka vimelowa chapachapa, na ukipitisha kidole ukingoni unakuta utelezi wa mafuta. Akagusa maji ya tangini. Yalikuwa baridi, kama yametoka bombani sasa hivi.

"Leo umeamkaje, wewe?" akaiuliza mashine. Haikujibu. Akaizima, akaiwasha tena, akaipiga kofi ubavuni pale ambapo siku zote kofi lilikuwa linasaidia. Maji yakabaki vilevile.

Akaenda kumwambia msimamizi wa jiko. Msimamizi alikuwa mwanamke kijana, msafi, mwenye simu mbili na haraka za watu wanne. Alimwamkia Mama Mvuke kwa heshima zote, maana alilelewa vizuri, kisha akasema atamwita fundi. Fundi hatapatikana leo, wala pengine kesho. "Lakini mama, jitahidini. Wodi haziwezi kukaa bila vyombo."

Neno "jitahidini" ni jepesi sana kwa anayelisema. Mama Mvuke alirudi chumbani, akaukuta mlima wa trei za chai ya asubuhi, akafanya jambo pekee aliloliona. Alikwenda jiko kubwa, akajaza sufuria, akabandika maji yakachemka, akayabeba kupitia ujia mpaka kwenye mashine, akayamwaga tangini. Akashusha mlango. Vikombe vikatoka vikavu.

Lakini kubeba maji yale kulikuwa kumepigwa marufuku. Zamani kidogo mpishi mmoja alijimwagia sufuria ya maji yanayochemka kwenye ujia uleule. Alilazwa humohumo hospitalini, akala chakula cha jiko lake mwenyewe mpaka akaujua ubaya wake. Tangu hapo ikatoka amri kwamba hakuna kutembea na maji ya moto kwenye sufuria, na atakayekamatwa akatafute jiko lingine. Mama Mvuke alikuwepo amri iliposomwa, na aliitikia kwa kichwa pamoja na wenzake.

Kwa ajili yake peke yake asingeogopa sana. Aliogopa kwa ajili ya wifi yake. Huyu alikuwa dada wa mumewe, mjane mwenye watoto bado wadogo, na alikuwa ndani ya miezi ya majaribio. Mama Mvuke ndiye aliyemwombea nafasi. Alisimama mbele ya msimamizi akasema wifi yake ni mchapakazi na hana maneno mengi. La kwanza lilikuwa kweli. Majaribio yakiisha salama, wifi ataajiriwa moja kwa moja. Yakiharibika, atafukuzwa kwenye kile chumba anacholala na wanawe, ambacho kodi yake ilimshinda hata kabla ya msiba.

"Sufuria ni zangu," Mama Mvuke alimwambia. "Wewe hushiki hata mfuniko. Wakinikamata, watanikamata mimi."

"Wifi, una umri gani wewe wa kubeba sufuria?"

"Umri wa kukuambia kitu ukasikia. Kaa mlangoni. Ukisikia viatu, kohoa."

Wifi akawa mkohoaji. Alikohoa wakipita wapishi, akakohoa wakipita wasukuma toroli, akakohoa hata paka akipita. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote, mpaka nesi mmoja aliyekuja kuulizia chupa ya chai akamshauri kwa upole akapime kifua.

Basi wakaendelea hivyo, wakimsubiri fundi. Kila trei ilitaka sufuria yake. Ujia ambao zamani Mama Mvuke hakuujua urefu wake, sasa aliujua kwa miguu na kwa bega. Alibeba kwa kuutegemea mkono wa kulia, maana ndio uliokuwa na nguvu, na jioni alipofika nyumbani mkono huo ulikuwa umekuwa mzigo mwingine wa kubeba.

Hatimaye ikaletwa habari kwamba fundi atakuja baada ya chakula cha mchana. Hapo ndipo lilipotendeka kosa, na wala hawakujua kuwa ni kosa. Wale ni wanawake ambao maisha yao yote wameosha. Mtu wa nje anakuja kuifungua mashine yao, aitie kichwa ndani, aichungulie kila kona. Wamwachie akute ukoko wa uji na majani ya chai? Mtoto akiumwa, mama humwosha uso kwanza na kumvalisha nguo safi, ndipo ampeleke kwa daktari. Wakaisugua mashine kwa brashi, wakaifuta mpaka chuma kikang'aa, wakachokoa matundu ya kurushia maji kwa njiti. Na kwa kuwa trei zilikuwa bado zinakuja na kazi haisimami, Mama Mvuke akaijazia tangi maji ya sufuria kama siku zote, akaficha sufuria chini ya sinki kabla msimamizi hajaingia na mgeni wake. Katika akili yake ugonjwa ulikuwa kwenye nyaya. Maji aliyaona ni maji tu.

Fundi alikuwa mzee mtaratibu, na jina lake la kazini lilikuwa hilohilo, Fundi Taratibu. Alishusha begi lake kama anayelaza mtoto. Akafungua kifuniko, akavaa miwani, akachomeka kipimo chake cha umeme hapa na pale, akiguna. Akaigusa hita, kile chuma kilichojikunja ndani ya tangi cha kupashia maji, akaipima nayo. Akashusha mlango, mashine ikanguruma, akaupandisha, mvuke ukamjaa kwenye miwani.

"Maji ya moto haya," akasema.

"Asubuhi yalikuwa baridi," akasema Mama Mvuke.

"Hita inawaka. Nyaya nzima. Maji ya moto." Alisema bila ubishi, kama anayesoma. "Mashine yenu nzima, mama. Na safi. Sijaona mashine safi hivi."

Mama Mvuke alifurahi kusikia hivyo, masikini, akasahau kidogo alichomwitia. Msimamizi alikwishatazama simu zake zote mbili. Fundi akafunga begi, akaondoka. Asubuhi iliyofuata wakaiwasha mashine, na maji yakawa baridi.

"Inatuchezea," akasema wifi. "Ina aibu na wanaume."

Nyumbani mumewe alikuwa wa kwanza kuona. Alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu wa maneno machache, lakini alimwona mkewe anaanika nguo kwa mkono mmoja, nyingine zinamponyoka. Baada ya chakula alileta mafuta ya kuchulia, akamkalisha kwenye kochi, akaanza kumchua bega. Mama Mvuke akauma meno.

"Hapa pamevimba."

"Panavimbaga."

"Mwambie dada akusaidie hizo sufuria. Si mzima yule?"

"Akikamatwa akamwaga unga, atalala wapi na wale watoto?"

Wote wawili wakatazama sebule, ambayo usiku ilikuwa chumba cha watoto wao na mchana chumba cha kila kitu. Kochi lenyewe walilokalia lilikuwa kitanda cha mtu. Hapakuwa na pa kumlaza hata paka wa jirani. Mume akaendelea kuchua.

"Basi nenda wewe kwa daktari. Si unafanya kazi hospitali?"

"Nafanya kazi jikoni," akasema Mama Mvuke. "Na daktari akiandika nisibebe, sufuria atazibeba nani?"

Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kulala kulimpa kazi. Ubavu wa kulia haukulalika, wa kushoto ulimkabilisha na ukuta, chali alikoroma akajiamsha mwenyewe. Alijikaza kisabuni, akaamka, akaenda. Alipoulizwa habari za asubuhi akajibu nzuri, na alipoulizwa za nyumbani akajibu salama, maana ndivyo watu wanavyojibu, na nani ana muda wa kusikiliza jibu jingine mlangoni kwa watu?

Fundi aliitwa tena. Ikaletwa habari, wakasugua, wakajaza, wakaficha. Safari hii Fundi Taratibu alikuja na kifaa kipya cha kupima joto la maji, akakitoa cha zamani akaweka hicho, bila imani sana, kama mtu anayebadilisha mto kwa sababu kaota vibaya. Akashusha mlango, akaupandisha. Mvuke. Akamgeukia msimamizi na kuinua mabega.

Msimamizi akasubiri fundi aondoke. "Mama, samahani nikuulize," akasema kwa sauti ya chini, ili wifi asisikie, na wifi akasikia. "Mna uhakika mnaiwasha vizuri? Kuna kile kitufe cha kijani na kile cha..."

"Navijua vitufe," akasema Mama Mvuke.

"Sikusema hujui."

"Hujasema."

Neno lile lilimuuma kuliko bega. Miaka yote ile, leo anaulizwa kama anajua kitufe. Lakini alipojitazama kwa macho ya msimamizi, aliona kweli anafanana na mwongo: mtu anayelia kwamba mashine ni mbovu, na kila akiletwa fundi mashine inachemka kama birika. Hakuweza kuita fundi mara ya tatu. Hakuweza pia kuacha kubeba. Akabaki katikati, na sufuria mkononi.

Siku bega lilipogoma ilikuwa wakati wa vyombo vya mchana. Alikuwa ameshafika kwenye mashine, ameinua sufuria amimine, na mkono wa kulia ukalegea tu bila kumuuliza. Sufuria ikapiga ukingo wa tangi, maji yakamwagika sakafuni, yakakimbilia miguuni kwa wifi. Wifi akaruka juu ya kreti ya vikombe kama msichana. Hakuungua. Wakatazamana, maji yanatoa moshi kati yao, sufuria bado inazunguka sakafuni na kelele zake.

"Sasa basi," wifi akasema. "Naenda kumwambia yule mtoto na simu zake. Nitamwambia nimebeba mimi."

"Utakuwa umesema uongo, na kazi umekosa."

"Na wewe ukifa na sufuria mkononi, mimi nitamwambia nini kaka yangu? Kwamba nilikuwa nakohoa?"

Wangeweza kucheka. Walikuwa watu wa kutaniana, hata msibani walitaniana. Lakini Mama Mvuke aliinama aokote sufuria, akaona machozi yanamdondoka kwenye maji yaliyomwagika, na hakuwa na nguvu ya kuyaonea haya. Akamwambia wifi angoje wiki iishe. Wiki ikiisha atakwenda kusema yeye mwenyewe, liwalo na liwe. Wifi akachukua dekio, akakausha sakafu.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja baadaye Fundi Taratibu alikuja kutengeneza friji ya dawa kwenye wodi ya jirani, akamaliza mapema, na akaamua kupita kuiona ile mashine iliyomharibia jina. Hakutangaza. Hakupita ofisini. Viatu vyake vilikuwa vya raba, laini, na wifi alikuwa ameinama kuchambua vijiko. Alipokohoa, fundi alishasimama nyuma ya Mama Mvuke kwenye ujia, akitazama sufuria inayofuka mvuke.

"Hayo ni maji ya nini, mama?"

Mama Mvuke angeweza kusema ya chai. Angeweza kusema ya kupigia deki. Alimtazama yule mzee, akaona ameuliza kwa sababu anataka kujua, si kwa sababu anataka kukamata. Na sufuria ilikuwa nzito.

"Ya mashine."

"Ya kuingia ndani ya mashine?"

"Isipochemka, sisi tunaichemshia."

Fundi akavua miwani. "Na siku zile nilizokuja mimi?"

"Siku zile tulikwishaijaza. Tukaisafisha pia. Ungekuta uchafu, ungetuonaje?"

Mzee akaifuta miwani taratibu, akairudisha machoni. Kisha akasema, "Mama zangu, mlikuwa mnanifichia mgonjwa." Akaichukua sufuria mikononi mwa Mama Mvuke, akaiingiza chumbani, akaiweka chini kando ya mashine. "Iwasheni ijijaze yenyewe. Msiguse kitu. Mniache nione uchafu wenu."

Wakaiwasha. Ilikuwa haijafutwa. Mabaki ya uji yalikuwa yameganda kwenye ukingo, na Mama Mvuke alisimama kando, mikono ndani ya aproni, kama aliyekutwa na wageni hajavaa. Maji yakaingia tangini kwa sauti nyembamba, yakaingia, yakaingia, kisha yakakatika. Fundi akamulika kwa tochi. Maji yalikuwa yamefika nusu.

"Mnaliona hili boya?" Akawaonyesha kitu cheupe, kidogo, kimelala chini ya tangi. "Mashine yenu inajaza maji kwa kuhesabu muda tu. Muda ukiisha inafunga, yawe yamejaa au hayajajaa. Boya likielea juu ndiyo hita inaruhusiwa kuwaka. Boya limelala, hita haiwaki, maana ikiwaka bila maji ya kutosha itaungua. Hita yenu haijawahi kuwa mbovu. Inanyimwa ruhusa."

Akaenda nyuma ya mashine, akafungua bomba la kuingizia maji, akatoa chujio dogo lisilozidi kifuniko cha soda. Lilikuwa limezibwa na ukoko mweupe wa chokaa, maji yakipenya kwa kuomba njia. Akaomba siki, wifi akakimbia kuileta jikoni kwa Chumvi Nyingi. Fundi akaliloweka, akalisugua kwa mswaki mkuukuu aliokuwa nao kwenye begi, akalipuliza, akalirudisha. Maji sasa yaliingia kwa kishindo. Boya likapanda. Baada ya muda mvuke ukaanza kutoka kwenye mashine, wa mashine yenyewe, bila sufuria ya mtu.

Mama Mvuke akapitisha trei moja. Akachukua kikombe, akakishika. Kikakauka kiganjani mwake.

"Kwa hiyo sufuria zetu..." akasema wifi.

"Sufuria zenu zilikuwa zinajazia pale palipopungua. Boya linapanda, hita inawaka. Ndiyo maana kila nikija mimi, inapona." Fundi alikuwa anafuta mikono, hakuwa anatazama sura zao, ndiyo maana akaendelea. "Wala haikuwa lazima yachemke. Mngemwagia hata ndoo ya maji baridi ya hapo sinki, ingechelewa kidogo, ila ingepasha yenyewe."

Sinki lilikuwa hatua moja kutoka kwenye mashine. Mama Mvuke akalitazama. Bomba lake lilikuwa linavuja tonetone, kama siku zote. Akaukumbuka ujia, kwenda na kurudi, mafuta ya kuchulia, maji yakikimbilia miguuni kwa wifi. Fundi naye akagundua amesema nini, akasema "Poleni sana," na akaanza kupanga vifaa vyake, ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

Msimamizi alikuja kwa sababu Chumvi Nyingi alimwambia fundi yupo na ameomba siki. Aliingia na haraka zake. Kabla fundi hajafungua mdomo, Mama Mvuke akasonga mbele. Aliona heri aseme yeye kuliko isemwe juu yake.

"Mwanangu, nina neno. Tangu mashine iharibike, mimi nimekuwa nabeba maji ya moto kutoka jikoni. Najua ni marufuku. Nimebeba mimi, peke yangu. Huyu wifi yangu hajashika hata sufuria moja, na mimi ndiye niliyemkataza asiseme. Kama ni adhabu, ni yangu."

Msimamizi akamtazama, kisha akatazama sufuria pale chini. Hakushtuka. Mama Mvuke alikuwa amejiandaa kwa hasira, na alipoikosa akapotea kidogo.

"Nilijua, mama," akasema msimamizi.

"Ulijua?"

"Gesi ilikuwa inaisha mapema. Halafu nikakuona siku moja ujiani, nikarudi nyuma. Ningesema nimeona, ningelazimika kukuondoa, na wifi yako pia. Nikaona afadhali ninyamaze." Akatabasamu, kwa wema kabisa. "Na niliona mnamudu."

Alilisema kama anayetoa zawadi. Na kwa upande mmoja ilikuwa zawadi: wifi ana kazi yake, hakuna wa kufukuzwa, watoto watalala walipokuwa wanalala. Mama Mvuke alilijua hilo, akajaribu kushukuru, na shukrani haikuja. Wakati anauma meno kwenye ujia ule, kumbe palikuwa na mtu amesimama anamtazama akimudu. Mtu huyohuyo alikuja baadaye kumuuliza kama anajua kitufe cha kijani. Hasira ilimpanda, lakini ilimkuta amechoka mno, ikakosa pa kukaa.

Toroli za vyombo vya asubuhi zikaingia, moja nyuma ya nyingine, trei zimerundikana mpaka juu. Wifi akaanza kuzishusha. Mashine ikanguruma vizuri, maji yake yakichemka. Kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake, na watu wote wakasubiri Mama Mvuke arudi pake.

Mama Mvuke akavuta kreti tupu, akaigeuza, akaketi.

"Pole, mama," akasema msimamizi. "Pumzika dakika moja. Ila toroli ndiyo hizo zimefika."

"Naziona."

"Sasa?"

"Simudu," akasema Mama Mvuke. Hakupandisha sauti. Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo mle ndani, na lilimtoka kirahisi kuliko alivyodhani. "Mkono haunyanyuki. Una siku nyingi haunyanyuki. Nilikuwa naubeba pamoja na sufuria."

Fundi Taratibu akainamisha kichwa. Wifi aliacha trei hewani kidogo, kisha akaendelea, kwa sababu vyombo havikuacha kuja. Simu moja ya msimamizi ikaita, akaizima bila kuitazama. Akatazama rundo la trei, akamtazama yule mjane anayehangaika nalo peke yake, akamtazama mwanamke aliyeketi kwenye kreti ambaye hakuwahi kumwona ameketi. Akavua saa, akaitia mfukoni.

"Aproni mnaweka wapi?" akauliza.

Mama Mvuke akanyanyua mkono wa kulia amwonyeshe. Uliishia kifuani, ukakataa. Akaushusha mapajani, akamwonyesha kwa wa kushoto.